Sponji za Mabega

Shemeji yangu ni fundi wa suti, na kwa kutengeneza bega la koti sijaona wa kumfikia. Hata kama mabega yako yameanguka kama ya kuku aliyenyeshewa, ukivaa koti lake watu wanakupisha njia. Ndiyo maana tulimwita Bega, naye jina hilo lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na baba yake.

Alipovuka miaka sitini akaanza mambo ambayo mimi, niseme ukweli, niliyaona ya kihuni. Alikuwa akimpima mteja kifua, ghafla anaacha kipimo kinaning'inia na kukimbilia chooni. Anakaa huko mpaka mteja anaanza kusoma magazeti ya zamani ukutani. Akirudi, kabla hajafika kiunoni, huyo tena. Chai aliacha. Suruali za kijivu alizozipenda akazitupa, akawa mtu wa nyeusi tu. Halafu akahamia kulala kwenye chumba cha cherehani, eti kazi zimemwelemea. Kazi gani, wakati wateja walikuwa wanarudisha makoti wakilalamika kwamba mabega yamelala?

Mdogo wangu, mkewe Bega, alivumilia weee, mwisho akanipigia simu.

"Kaka, njoo. Mume wangu ana mwanamke."

Nilikwenda nimefura. Mimi ndiye kaka mkubwa, na baba yetu hayupo. Ugomvi wa dada zangu wote unaishia mikononi mwangu. Nilikuta sanduku la dada limeshafungwa na liko mlangoni. Bega alikuwa amekaa kwenye kochi, ukingoni kabisa, magoti yamebanana, utepe wa kupimia bado uko shingoni.

Dada hakuzunguka mbuyu. Alileta mfuko, akaumwaga mezani mbele yetu. Zilikuwa sponji, zimekunjwa na kufunikwa kitambaa laini cha ndani ya koti, kila moja ina vikamba vya kufungia. Zilikuwa zimefuliwa zikafuliwa tena hadi zimepauka. Niligeuza uso, maana mambo ya siku za wanawake si ya kaka kuoneshwa mezani.

"Nimezikuta zimeanikwa nyuma ya cherehani," alisema. "Mimi mambo hayo yamekoma siku nyingi. Ni za nani? Na usiniambie hujui, huu mshono ni wako! Yaani mwanamke umemtafuta, na nguo za ndani unamshonea mwenyewe!"

Bega alizitazama zile sponji, akanitazama mimi, akatazama sakafu. Jasho lilimtoka.

"Ni kweli," akasema.

"Kweli nini?"

"Nina mwanamke."

Dada alikaa chini. Nadhani alikuwa ametegemea akane, wagombane, yaishe. Mimi ndiyo nikapanda juu.

"Anaitwa nani?"

Bega aliinua macho juu. Mtu mzima anatafuta jina darini!

"Ni mtu wa mbali, shemeji."

"Hana jina?"

"Analo. Limenitoka kidogo."

Laiti ningetulia hapo, ningejiuliza ni mzinzi gani huyu anayesahau jina la hawara. Lakini hasira zilishanijaa. Nikamwambia asimame amwombe mkewe msamaha kabla dada hajaondoka. Hakusimama. Nikamwambia tena. Akatikisa kichwa. Nikaona ananidharau, nikamshika mkono, nikamvuta kwa nguvu.

Kochi lilikuwa limelowa. Suruali nyeusi haikuonesha kitu, lakini harufu ilipanda, na maji yalikuwa yakimchuruzika hadi kwenye soksi. Bega alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Nimejikojolea, shemeji," akasema humo humo kwenye viganja. "Nilitaka kutoka tangu ulipoingia. Nikienda hautoki, nikikaa unatoka wenyewe. Si leo tu."

Nimewahi kuona aibu maishani, lakini siyo kama ile. Na sehemu kubwa ilikuwa yangu, maana mkono wake nilikuwa bado nimeushika.

Dada aliokota sponji moja, akaigeuza, akaipima unene kwa vidole. Nikaona anaelewa: zilikuwa sponji za mabega ya makoti ya watu.

"Ni zako?"

Bega aliitikia kwa kichwa. Mdogo wangu akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamzungushia mumewe kiunoni.

"Kaka, geuka ukutani," akaniambia. Nikageuka kama mtoto.

Kesho yake tulimpeleka hospitali, mimi nikiendesha gari. Daktari alimpima akasema ni tezi dume, imekua na kubana njia ya mkojo, kama inavyowatokea wanaume wengi umri ukienda. Vipimo havikuonesha saratani. Angeanza na vidonge, na visiposaidia kuna upasuaji. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia jino. Bega alisikiliza akiwa amekodolea viatu vyake.

Tulikaa kwenye benchi kusubiri dawa. Dada alikuwa katikati yetu.

"Mimi nilikuwa nimeshafunga sanduku," alisema bila kumgeukia. "Miaka yote hii na wewe. Ungeniacha niondoke kweli, nikiamini una mwanamke, kuliko kuniambia unaumwa?"

Nilitamani Bega aseme hapana, hata kama ni uongo.

"Ningekuacha," akasema. "Ningelia, mke wangu, lakini ningekuacha."