Nimefiwa na mke, kila mtu akausifu mkate wangu, hadi jirani aliponiambia unanuka bia

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni wa darasa la saba na maneno yangu si mengi, ila haya yametokea jikoni kwangu hapa Brussels. Nayaandika yalivyo, hata pale yanaponiaibisha.

Mke wangu, mama Neema, alikuwa akimhudumia bibi mmoja wa Kiyahudi kule Woluwe. Huko ndiko alikojifunza kuoka challah. Kwa asiyeijua, ni mkate wa mayai unaosukwa kama nywele. Wenyewe huula Ijumaa jioni.

Akaufanya wake. Watanzania tukikutana, iwe harusi au kipaimara, mkate wa mama Neema lazima uwe mezani.

Akafariki. Hapo naomba nipite.

Kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia nikawaahidi wenzetu kwamba mkate wake utakuwepo, na nitauoka mwenyewe.

Binti yangu Neema akaniuliza, "Baba, una uhakika?"

Nikamjibu ninao.

Nikaanza mazoezi. Sura ilitoka safi tangu mwanzo, inang'aa kama ya dukani. Ladha ndiyo ikagoma. Kulikuwa na ukali fulani unaobaki kooni.

Nikadhani ni sukari, nikaongeza. Nikadhani ni mafuta, nikabadilisha. Mwisho nikatia hiliki. Hapo nikawa nimepata andazi lililosukwa.

Lakini kila niliyemwonjesha alisema, "Mtamu kaka, pole sana." Kazini hivyo, kanisani hivyo. Neema naye, "Mzuri baba," na kipande chake kimebaki kwenye sahani.

Wakuu, desturi zetu mnazijua. Chakula cha msibani hakikosolewi. Sasa mimi nilikuwa msiba unaotembea, nani angenikosoa? Nikaanza kuamini huzuni imeniharibia ulimi.

Ndipo akarudi jirani yetu wa chini hapa Ganshoren, Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu. Alikuwa kwao muda mrefu. Naye ni mjane. Nikampelekea kipande.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Papa Neema, hii mukate inanuka bière!"

Nikamwambia watu wote wanausifu.

"Banakuhurumia tu, papa. Miye siwezi kula huruma. Na hiliki ya nini? Mulevi anaweza kutafuna bonbon afiche harufu, tutajua tu."

Nilicheka, wakuu. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa lini.

Akapanda hadi jikoni kwangu akanitaka nimwonyeshe. Nikamimina hamira kama nilivyozoea, nikasogeza bakuli kwenye radiator, lile bomba la ukutani la kupasha nyumba joto.

"Bon, simama hapo! Unaharakisha nini, uko na train? Levure mingi, moto mingi, donc unapika pombe."

Hapo nikakumbuka kwamba mke wangu alikuwa akiweka bakuli la unga uliokandwa balkonini, kwenye baridi, hadi kesho yake. Miaka yote nilidhani anapunguza msongamano jikoni.

Nikarekebisha. Hamira nusu ya ile niliyokuwa natia. Bakuli kwenye fridge usiku kucha. Hiliki nikatoa. Chumvi nikatia ya kutosha, maana nilikuwa naiogopa, na mkate usio na chumvi hata asali haiusaidii.

Ukali ukaisha. Maman Furaha akala, akaomba kipande kingine, akasema tu, "Alors, leo uko muntu."

Siku ya kumbukumbu, baada ya sala, nikauweka mkate mezani. Nilisubiri zile pole.

Hakuna aliyesema mtamu. Dada mmoja alimega kipande cha mwisho, mwingine akamshika mkono, "We, mwenzio sijapata!" Wakagombana kabisa, mbele ya picha ya marehemu. Neema alikuwa anakula ameniegemea. Sahani yake ilikuwa tupu.

Nilichojifunza: mfiwa mpeni pole, lakini na ukweli mpeni. Mkimsifia kila kitu mnamwacha peke yake. Na kwa waokaji, unga ukinuka pombe msiongeze sukari. Punguzeni hamira, upeni baridi na muda.

Sasa mimi challah naijua, ulizeni chochote. Wenye ujuzi zaidi, nionyesheni nilipokosea. Pole nimeshapokea za kutosha.