Udongo wa Jiwe la Boma

Stefania wa Milanzi alikuwa mwanamke wa kujibu watu, tena papo hapo, lakini asubuhi ile alitoka kwake kimya kama aliyeiba. Alijitanda kaniki, akashika njia ya Sumbawanga, na kila aliposikia hatua nyuma yake alikaza mwendo. Alikuwa anakwenda kuliona jiwe.

Jiwe lenyewe lilisimamishwa mbele ya boma la serikali mwaka ule wa 1931, kwa ajili ya wapagazi waliokufa katika vita vya Mwingereza na Mjerumani. Majumbe walisema ni heshima kubwa. Wenye wafu wao waliuliza ni heshima gani kwa watu waliokamatwa mashambani mwao wakafungwa kamba shingoni. Kwenye pombe watu walishikana mashati kwa sababu ya jiwe ambalo wengi wao hawakuwa wameliona.

Mume wake Gaudensi na mdogo wake, Oswaldi, walikamatwa siku moja wakabebe mizigo ya vita. Oswaldi alirudi, mifupa mitupu, akasema kaka amekufa kwa homa njia ya Iringa. Hakuongeza neno, na miaka kumi na mitano ikapita hivyo hivyo. Sasa kwa ukoo wao, aliyefia mbali huletewa udongo wa kaburini kwake uzikwe badala ya mwili, na wa kuuzika ni ndugu yake wa damu. Bila hivyo matanga hayaishi. Stefania hakuwa mke wala mjane. Tena binti yake Silvana alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na baba asiyezikwa hatajwi harusini. Nani angekwenda Iringa kutafuta kaburi asilolijua? Lililobaki ni jiwe, na udongo wa chini yake.

Oswaldi alikuwa ameshatoa neno lake. "Shemeji, ukipiga magoti pale, umekubali kwamba kaka alikuwa mtu wa boma. Ukichukua hata vumbi la jiwe lile, usikanyage kwangu." Na Gaudensi hakuwa na ndugu mwingine wa damu. Ndiyo maana Stefania alipofika bomani alisimama mbali kwanza, akaangalia nani anamwona.

Karani wa boma, Selemani, kijana wa wenye maduka pale mjini, alimkuta amesimama hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu nisomee. Gaudensi ameandikwa wapi?"

Selemani aliyaangalia maandishi kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji. "Mama, hakuna majina. Wameandika wapagazi wa nchi hii waliomtumikia Mfalme."

"Basi?"

"Basi, mama."

Stefania alilisogelea jiwe. Kamba walikuwa nazo za kutosha watu wote, halafu majina yakawashinda! Akapiga magoti pale pale, akapiga makofi polepole, viganja vikigusana tu, jinsi mwanamke wa Kifipa anavyomwamkia mtu wa kuheshimiwa, akamwita mume wake kwa jina. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, alikuwa barazani. Aliona magoti, akasikia makofi, akatabasamu na kumwambia Selemani kwa Kiingereza kwamba wanawake hawa wanajua kuishukuru serikali. Selemani aliinamisha kichwa, hakutafsiri. Stefania naye alikuwa anakwangua udongo kwa kucha.

"Shemeji!"

Alikuwa Oswaldi. Kumbe alimfuata tangu Milanzi. Stefania alifumba ngumi juu ya udongo wake. Harusi ya Silvana aliiona imeshaharibika.

"Umwage," Oswaldi akasema.

"Siumwagi. Nifukuze tu."

Lakini Oswaldi hakupaza sauti. Aliitazama ile ngumi. "Sina mkono wa kuuzika huo, shemeji. Kaka hakufa kwa homa. Miguu ilimvimba, akashindwa kunyanyuka, wakamwacha njiani. Mimi nikaambiwa nibebe na mzigo wake. Nikaubeba. Aliniita. Nilishafika bondeni, bado namsikia."

Stefania alimtazama. Miaka kumi na mitano mwanaume huyu alikuwa akilitukana boma, kisha jiwe, na watu wakimsifu kwa msimamo wake. Alitamani kumrushia udongo ule usoni, na mkono ulishaanza kunyanyuka.

"Alikuwa anasema nini?"

"Jina langu tu."

"Ukamjibu?"

Oswaldi alitikisa kichwa kukataa.

Stefania akauvuta mkono wa shemeji yake, akavikunjua vidole vyake kimoja kimoja kwa nguvu, akamimina udongo wote kiganjani.

"Twende nyumbani," akasema. "Utachimba wewe, na utamzika wewe. Na kabla hujafukia, utamwitikia."