Dobi Aliyekalishwa kwa Mapenzi

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na jina lake la kuzaliwa alishasahau hata kuliitikia. Alisimama kutwa mbele ya meza yake ya kupigia pasi, akipiga soga na wateja, na suruali iliyopita mikononi mwake ilitoka imenyooka hata mtu akaona haya kuikalia. Kisha moyo ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alimweleza mkewe taratibu: dawa hizi, chumvi kidogo, na kila siku mgonjwa atembee. Akihema kidogo si vibaya, mradi bado anaweza kuongea.

Mkewe alisikia yote. Lakini mwanamke aliyekwisha kumwona mumewe akitapatapa kutafuta pumzi, utamwambiaje kwamba kuhema si vibaya? Siku ya kwanza Dobi alifika duka la jirani tu, akaanza kutweta, na mama wa watu roho ikampaa. Akamshika mkono, akamrudisha nyumbani.

"Baba watoto, wewe kaa. Kazi niachie mimi."

Basi akakaa. Mke akashika pasi yeye, akaunguza kola za watu mpaka akajua. Maji ya kuoga alimpelekea, viatu akamvisha, hata kikombe cha chai hakumwacha akifuate mezani. Majirani wakamsifu kwamba huyo ndiye mke. Dobi akitaka kuinuka, anatupiwa jicho. Akawa anatania kwamba kumbe alioa askari jela, na kila jioni akiuliza atarudi lini kwenye meza yake. Kliniki nako, mke akiulizwa kuhusu mazoezi, alijibu bila kupepesa macho: "Anatembea, dada."

Miezi ikapita hivyo, hadi siku walipopelekwa kwa kijana mtaalamu wa mazoezi. Alimwomba Dobi akunje mikono kifuani, ainuke kwenye kiti. Dobi akajikaza, mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuinuka. Mke akakimbilia kumshika, kijana akamzuia.

"Moyo haujazidi kuharibika," alisema, akitazama vipimo. "Miguu ndiyo imeisha nguvu, kwa kukaa. Tutaanza upya, mzee, lakini sitakudanganya. Kusimama kutwa kazini, sidhani kama utaweza tena. Kwani hukuwa unatembea?"

Mke akafungua mdomo. Dobi akamtangulia.

"Uvivu wangu, mwanangu. Huyu mama amenihimiza kila siku. Mimi ndiye mkaidi."

Akakaripiwa kwa heshima, akaitikia kila neno.

Walipotoka, alipumzika kwenye benchi la korido. Mke alikaa kando yake.

"Kwa nini umejitwisha kosa langu?"

"Twende nyumbani, mke wangu," alisema Dobi, akamnyooshea mkono ili ainuliwe.

Mke aliutazama ule mkono. Tangu waoane hadi siku hiyo hakuwahi kujiuliza kama kumshika ni kumsaidia au kumuua. Akaushika tu, huku akilia, kwa sababu bila yeye mumewe asingeinuka.