Bunduki ya Baba Yake Mzee Nurali

Aibu hii nimeikalia mwaka mzima, na ningeendelea kuikalia kama mke wangu asingeanza kuwasimulia watu kanisani, tena akiikosea, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mzee Nurali ni Mkenya mwenzetu, Mwismaili wa Nakuru, anakaa Don Mills, huku Kanada, na binti yake Zarina, na mimi huenda kumtengenezea kompyuta (haina ubovu wowote, anataka tu mtu wa kuongea naye Kiswahili, maana wajukuu humjibu kwa Kiingereza). Siku moja akafungua kabati la chuma akanionyesha bunduki ya marisau, ile ya pampu, unavuta mkono wa mbao nyuma na mbele ndipo risasi iingie. Ilikuwa ya marehemu baba yake, naye anaimiliki kwa kibali, na ubavuni imechongwa nakshi za majani na ndege. Akaniambia baba yake alikuwa sonara, aliinunua mpya mwaka aliozaliwa yeye Nurali, kisha akaichonga kwa mkono wake mwenyewe. Sasa anataka kumwachia mjukuu wake Aliya, ila kwanza angependa kujua kwa hakika ni ya mwaka gani. Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Nikasema, "Mzee, niachie mimi."

Nikapiga picha, nikaenda nyumbani, nikakaa kwenye mtandao nusu saa nzima (nusu saa, jamani). Kwenye mtutu kulikuwa na tarehe tatu, nikachukua ya mwisho nikasema ndiyo hiyo. Nikasoma pia kwamba kiwanda kilichoitengeneza kiliuza bunduki nyingine zikiwa zimeshachongwa ndege wa Marekani. Nilipompigia Mzee kumwambia nimemaliza, akafurahi akaita ukoo, na mimi badala ya kumweleza pembeni nikaandaa picha za kuonyesha kwenye televisheni.

Jumapili ile walikuwa watu ishirini na kitu, biriani imeshaliwa, na Zarina alikuwa amemwalika mama mmoja Mkanada, fundi wa bunduki za kale, aje aikague. Fundi akakaa nyuma. Mimi nikasimama na fimbo (fimbo!) nikaeleza kwamba bunduki ilitengenezwa miaka mingi kabla Mzee hajazaliwa, hivyo haikununuliwa mpya, na kwamba nakshi ni za kiwandani, na ndege hawa ni batamzinga wa Marekani. Nilipomaliza ndipo nikaona hakuna anayepiga makofi. Nilikuwa nimesimama nyumbani kwa mtu, tumbo limejaa biriani yake, namwambia mbele ya wajukuu zake kwamba baba yake alikuwa mwongo. Mzee alikuwa akiangalia mikono yake tu.

Fundi akaomba nafasi. Akavaa glavu, akahakikisha bunduki haina kitu ndani, akaeleza taratibu kwamba zile tarehe si za kutengenezwa, ni za hataza, yaani siku mbunifu alipotambuliwa rasmi kuwa mwenye ubunifu ule, na kiwanda huendelea kuzigonga kwenye mitutu miaka na miaka. Umri husomwa kwenye namba iliyo chini ya mwili wa bunduki. Akafungua daftari lake, akafuatisha kwa kidole, akataja mwaka. Ulikuwa mwaka aliozaliwa Mzee Nurali.

Akasema pia kwamba kwa alama zake, bunduki hii ilitoka kiwandani kavu, bila hata ua moja. Kisha akaweka lenzi jichoni, akakaa nayo muda mrefu. Alisema ameshika bunduki za nakshi maisha yake yote na mkono huu hajawahi kuuona, ni mkono wa mtu aliyezoea kuchonga pete. Ila akakiri kwamba yeye hajui hawa ni ndege gani, akauliza. Watu wote wakanigeukia.

Mzee akainua kichwa. "Kioko, wewe ni mtu wa Mwingi. Kanga humjui?"

Nikainama kwenye lenzi. Walikuwa kanga, kundi zima, na vile vipembe vyao kichwani, wale wale niliowafukuza kwenye mtama wa mama yangu utoto wangu wote, na kila doa kwenye kila unyoya lilikuwa duara kamili, dogo kuliko chembe ya chumvi. Mtu alikaa dukani Nakuru akayachimba moja moja kwenye chuma kigumu, mamia, na sikuona alipoteleza hata mara moja. Nikasahau aibu, nikasahau kwamba kuna watu nyuma yangu wanangoja zamu, mpaka Zarina akanigusa bega.

Lenzi ikazunguka sebule nzima. Aliya ndiye aliyekaa nayo kuliko wote, halafu akamuuliza babu yake, kwa Kiswahili cha kuungaunga, baba yake alitumia chombo gani. Mzee akasogeza kiti, akaanza kumsimulia.

Wakati wa kuaga nikamwomba radhi. Akanishika mkono. "Baba angekucheka," akasema. "Mimi ulikaribia kuniliza."

Tangu siku hiyo nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, hata kazini, mpaka bosi wangu ameanza kuniuliza nina shida gani. Na televisheni ya watu siigusi tena.