Daktari Alfayo na Neno Aliloshindwa Kulitamka

Alizaliwa Mosocho mwaka wa 1929, wakati wa kuvuna wimbi, akaitwa Alfayo Okemwa. Mama yake, Bathsheba, alikuwa ameshazika watoto wawili kwa ugonjwa wa kuhara, kwa hiyo huyu wa tatu alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikamfika magotini, majirani wakimcheka kwamba anamficha ardhi isimwone. Baba yake alifariki mapema. Alfayo alisoma Nyanchwa katika shule ya misheni, akipanda kilima asubuhi na viazi vitamu viwili vya moto mfukoni, na huko, akiwa bado kijana wa kaptura, alimwahidi Mungu kuwa atatibu matumbo ya watoto. Akaenda Uganda kusomea udaktari. Aliporudi alimwoa Persis, binti wa Mzee Abner Nyangate wa Suneka, mzee wa kanisa, mtu wa kofia nyeusi na maneno machache. Abner alimpenda kuliko desturi inavyodai. Mbele ya watu hakumwita mkwe, alimwita mwanangu. Kwa kijana aliyekua bila baba, hilo lilikuwa tamu kama maziwa ya asubuhi.

Mwaka wa 1966 aliwekwa kuwa mkuu wa afya wa wilaya nzima ya Kisii, pamoja na Nyamira. Angeweza kukaa ofisini, lakini alitembea. Alikinga chemchemi kwa mawe na saruji, akawafundisha akina mama kuchemsha maji. Kisha akaamuru kila boma lichimbe choo, na hapo ndipo jaribu lake lilipoanzia.

Kwetu Kisii kuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, inayomtenga mzazi na mtoto aliyeoa, mkwe na mkwe. Mke wa mwana hawezi kuingia choo anachoingia baba mkwe. Afadhali alale na tumbo lake. Alfayo alilijua hilo tangu kunyonya. Alijua inafaa kila boma lichimbe vyoo viwili, tena awaambie watu sababu. Lakini siku ya baraza kule Suneka, mwaka wa 1968, aliposimama aseme, alimwona Mzee Abner ameketi kiti cha mbele, kofia gotini, akimtazama kwa fahari. Chinsoni hiyohiyo ikamzuia. Atatajaje haja kubwa mbele ya baba wa mke wake? Akafuta miwani, akasema, "Bwana Manasseh atawaeleza," akaketi.

Manasseh, afisa mgeni aliyetoka mbali, hakujua mila ya watu. Akapaza sauti, "Boma moja, choo kimoja! Asiyechimba atamweleza chifu!"

Watu wakachimba. Vyoo vikawa vizuri, vimesiribwa udongo, vimeezekwa nyasi mpya. Daktari alipopita kuvikagua, mama mmoja aitwaye Tryphosa alimfungulia mlango, ndani kuku analalia mayai.

"Lakini mama, hiki ni choo!"

"Ee, daktari, na ni kizuri sana. Sasa akichafue nani? Mzee hataki kupishana na wake za wanawe, na wao hawataki kupishana na mzee. Kuku hana mkwe."

Walicheka wote wawili, naye akaenda zake. Kicheko hicho kilimuuma baadaye kuliko tusi.

Mvua za mwaka uliofuata ziliosha kingo za mito, mahali ambapo vijana na wake zao waliendelea kujisaidia, na uchafu ukaingia katika maji ya kunywa. Kuhara damu kukaingia Suneka. Miongoni mwa walioletwa hospitalini alikuwamo Mokeira, mke wa ndugu yake Persis, yaani mkaza mwana wa Mzee Abner, mwenye mtoto wa kunyonya. Daktari alimtibu kwa mikono yake mwenyewe.

"Mokeira, kwenu choo kipo. Mbona mlikwenda mtoni?"

Akajifunika uso kwa leso. "Baba anakiingia. Ningepitaje mlango ule? Na wewe ulijua, daktari. Wewe si mgeni."

Alikufa kabla ya mvua kukatika.

Sabato iliyofuata mazishi, Alfayo aliomba kusimama kanisani Suneka. Alisoma pale Maandiko yanapowaagiza wana wa Israeli wachukue kijembe cha kufukia uchafu wao waendapo nje ya kambi. Kisha akamgeukia Abner.

"Baba, nisamehe kabla sijasema. Choo cha baba si choo cha mke wa mwana. Chimbeni viwili, cha wazee upande wa juu, cha vijana nyuma ya migomba, na njia zake zisikutane. Nililijua hili barazani. Nilinyamaza kwa kukuonea aibu, na Mokeira amekufa."

Mzee Abner akachukua kofia yake. "Mkwe wangu amenivua nguo mbele ya madhabahu," akasema, akatoka.

Juma lile lile vijembe vililia kutoka Suneka mpaka Nyamira. Abner naye alichimba viwili, ila hakuketi tena na Alfayo. Kila mavuno Alfayo alifika ugani kwake, akasimama. Mzee akaingia ndani. Mzee alizikwa mwaka wa 1973 bila kumwambia neno.

Daktari alifariki mwaka wa 1977, kwa homa ya mapafu aliyoipata akikagua chemchemi kule Nyamira wakati wa mvua. Wazee wanasimulia kwamba ukame ulipokuja, chemchemi ile haikukauka, na wanamshukuru Mungu kwayo. Watoto wa Suneka waliacha kuzikwa kila masika. Watu walimsifu kwa hayo alipokuwa mgonjwa, naye akamwambia Persis:

"Baba yako angenichukia tu, hata ningesema siku ile ya kwanza. Tofauti ni kwamba Mokeira angekuwa analea."

Basi, wapendwa, tumwige mtumishi huyu katika ujasiri wake, lakini tusimwige katika kuchelewa kwake. Heshima ni njema, imetulea sote. Ila mtoto wa Mokeira ameota ndevu sasa, na sauti ya mama yake haijui.