Fyuzi ya Thelathini

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa kwa sababu ya ufupi. Nilikuwa nimesimama kwenye lango la gereji moja pale Kitale, mkononi nina cheti cha sekondari chenye alama za kusikitisha na barua niliyoandikiwa na pasta. Ndani, mafundi watatu wanene walikuwa wakibishana ni nani ataingia chini ya dashibodi ya pikapu. Fundi Mkuu akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Wewe msichana, unaogopa panya?"

Nikasema siogopi.

"Basi ingia."

Nikalala chali, miguu juu ya kiti, kichwa pale abiria anapoweka viatu. Nikavuta feni ya hita kama nilivyoelekezwa, na kiota kizima cha panya kikanidondokea usoni. Wenyewe hawakuwa nyumbani, namshukuru Mungu. Mafundi walicheka mpaka mmoja akatafuta tairi la kukalia. Kuanzia hapo nikaitwa Nafula wa Feni, na kwa miaka minane nilibeba jina hilo kama cheo.

Mtasema, huyu ana miaka ishirini na tisa tu, kumbukumbu za kazi ni za nini, si angoje azeeke? Kazi yangu ilizeeka kabla yangu, bana. Ninawaandikia nyinyi mnaoanza ufundi wa waya, na zaidi wale wenye roho laini kama yangu. Wenye roho ngumu watafika wenyewe.

Mtu wa Mombasa ukimwambia feni ya hita atadhani unamtania. Lakini Kitale, asubuhi ukungu unashuka kutoka Mlima Elgon, watu wanne wanapumua ndani ya gari, na kioo cha mbele kinakuwa cheupe kama uji. Feni ndiyo inayopuliza kioo kikauke. Ikifa, dereva anaendesha kwa mkono mmoja na kwa mwingine anapangusa kwa kitambaa.

Feni yenyewe hukaa nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Inazungushwa na mota, na ndani ya mota kuna kaboni mbili, vipande vyeusi vinavyopitisha umeme kwa kusugua, navyo huisha kidogo kidogo kama chaki ya mwalimu. Pembeni kuna rezista, kidude cha kupunguza umeme ili feni iende pole pole. Rezista ikiungua, namba moja, mbili na tatu zinanyamaza, inabaki namba nne peke yake ikivuma kama mashine ya kusaga posho. Halafu kuna fyuzi.

Kuhusu fyuzi, Fundi Mkuu alinikalisha chini siku nzima. "Fyuzi ni askari wa lango," alisema. "Ukimkuta amekufa, usiandike askari mnene zaidi. Tafuta mwizi." Akanieleza kwamba fyuzi ya ampea ishirini imewekwa ili iungue kabla waya haujaungua. Ukichomeka ya thelathini, fyuzi itapona, na kitakachoungua ni waya, ndani kabisa ya dashibodi, mahali macho hayafiki. Alinifanya niyarudie hayo kama mtoto wa katekisimu.

Alikuwa fundi kwelikweli. Lakini huyo huyo, mteja akija na rezista iliyoungua, anamwambia mota imekufa, anunue mota nzima. Siku moja akaja mama mmoja wa kubeba maziwa kutoka upande wa Suam, feni yake inavuma namba nne tu, na Fundi Mkuu akamwimbia wimbo wa mota. Nilimfuata mpaka barabarani nikamnong'oneza kwamba ni kidude kidogo tu, anaweza kukibadilisha mwenyewe kwa bisibisi, nikamwonyesha kwa kidole kilipo. Jioni habari ilikuwa imerudi gereji.

"Nafula," Fundi Mkuu alisema, "unatoa ugali kwenye sahani yangu na mimi bado nakula." Hakufoka. Nilitamani angefoka. Alinitafutia kazi Bungoma kwa mtu anayemjua, akaniambia kule watu wana haraka, labda nitajifunza kunyamaza.

Bungoma niliwekwa kwenye gereji ya pale Kanduyi, chini ya Meneja, mama mmoja wa sauti ndogo ambaye hakuwahi kushika spana lakini alijua gari linadanganya kabla halijazimwa. Tulimwita Madam. Nilimwambia wazi siku ya kwanza kwamba mimi nina ugonjwa wa kufundisha watu. Akafikiri, akasema siku sita ni zake na Jumapili ni yangu na Mungu wangu, nifanye nayo nitakavyo.

Ndipo nikaanza darasa nyumbani kwetu Bumula. Baada ya ibada, wenye magari yao ya uzee walibaki uwanjani mwa kanisa, na mimi nikawafundisha bure kufungua kisanduku, kutoa feni, kuondoa majani na manyoya ya panya, kupima fyuzi, kujua rezista na mota. Niliota mambo makubwa! Nilichora nyuma ya kalenda gereji ambayo mteja anaingia mwenyewe na kuvaa ovaroli, na fundi kazi yake ni kusimama kando na kueleza. Hakuna maskini angedanganywa tena kwa jambo la dakika kumi. Nilikuwa na furaha ile ya mtu ambaye hajawahi kukosea kitu kikubwa.

Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa Mwalimu. Alinifundisha darasa la sita, sasa amestaafu, na mke wake Mayi Selina, mayi kwetu ni mama, alikuwa na figo zilizochoka. Kila Jumanne na Ijumaa alimpeleka Bungoma kwenye mashine ya kusafisha damu, wakitoka Bumula alfajiri ili wawahi zamu yao. Kila walichokuwa nacho kiliingia kwenye mashine ile. Gari lilikuwa kuukuu, feni imekufa kabisa, na masika yalikuwa yameanza. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa akiendesha, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akipangusa kioo kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Mimi ndiye waipa wake," Mayi Selina aliniambia. "Ananiwasha na kunizima."

Jumapili hiyo Mwalimu alilala chali chini ya dashibodi, miguu ya miaka sitini na kitu ikiwa juu ya kiti, soksi moja imetoboka. Mayi Selina aliketi kwenye kigoda akimtazama.

"Leo umepatikana," akasema. "Umewekwa darasani miguu juu."

"Nyamaza, mama. Mtu yuko kwenye mtihani."

Tulitoa mota. Kaboni zilikuwa zimeisha, nikampa nyingine za mota ya zamani, akazisugua kwenye jiwe mpaka zikatoshea. Alifunga kila kitu kwa mkono wake, mimi sikugusa skrubu hata moja. Alipowasha, upepo ukatoka, na Mayi Selina akaingia garini akaweka uso wake pale tunduni, amefumba macho.

Mimi nilisikia kitu. Chini ya ule upepo mota ilikuwa inaguna, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Ekseli yake ilikuwa imekauka na kulika. Mota ya namna hiyo inazunguka, ndiyo, lakini inakunywa umeme mwingi kuliko haki yake. Dawa yake ni kuitupa. Na wao hawakuwa na njia ya kupata nyingine mwezi ule. Nilisikia, nikanyamaza, kwa sababu walikuwa wanafurahi.

Wiki chache baadaye, Alhamisi, simu ikaita nikiwa chini ya dashibodi ya lori, Madam amesimama kando yangu na mwenye lori amesimama kando ya Madam. Aliyepiga alikuwa Mwalimu.

"Binti yangu, fyuzi ya feni imeungua. Nimeweka nyingine, nayo imeungua. Na kesho ni Ijumaa, mvua haijaacha."

Nikasema, "Weka ya thelathini, Mwalimu, iwasogeze. Jumapili nakuja kuangalia."

"Thelathini? Si ulitufundisha ishirini?"

"Ni ya siku mbili tatu tu. Haina neno."

Haina neno. Niliyasema hayo nikiwa nimebana tochi kwa meno ya upande mmoja, na Madam ananionyesha kidole nimalize. Nilijua kanuni. Nilikuwa nimewafundisha watu kanuni hiyo. Lakini nilimwona Mayi Selina na kitambaa chake, na sikutaka kuwa mtu wa kumwambia akapanguse tena.

Jumamosi Madam aliniita ofisini. Kulikuwa na lori la mahindi limekwama Suam mpakani, umeme wote umekufa, na mteja ni mkubwa. Nilimkumbusha kwamba Jumapili ni yangu. Akasema anajua, na kwamba nikilileta lori lile Jumatatu atanifanya msimamizi wa kitengo cha umeme, mtu wa kwanza wa kike pale Kanduyi. Nilikwenda, na ningependa kuwaambia kwamba kule Suam mtandao ulikataa nisimpigie Mwalimu. Mtandao ulikuwepo. Nilikuwa nimejawa na ule usimamizi, nikasahau.

Jumanne, kabla hawajafika nusu ya njia, moshi ulitoka pale pale tunduni ambapo Mayi Selina alikuwa ameweka uso. Mwalimu alisimamisha gari, akamtoa mke wake na leso yake na chupa ya chai, na walipogeuka dashibodi ilikuwa imeshika moto. Watu walirusha udongo. Gari lilibaki mabati. Siku hiyo Mayi Selina alifika kwenye mashine kwa bodaboda, katikati ya dereva na mumewe, amefungwa kwa leso asianguke.

Hakuna gari lingine lililopatikana. Watoto wao walituma walichoweza, lakini wako mbali na wana shida zao. Ilibaki bodaboda, mara mbili kwa wiki, kwenye mvua na tope, kwa mama ambaye miguu ilikuwa imevimba. Ijumaa moja ikapita hawakwenda. Kisha nyingine. Mashine ile haina subira, ukiiruka inakuhesabia ndani ya mwili. Nilikuwa nikienda kuwaona na mkate na maziwa, tunaongea habari za mahindi, ninarudi bila kusema nilichokwenda kusema. Mayi Selina alifariki kabla mahindi hayajakauka shambani.

Kwenye mazishi Mwalimu alisimama mbele ya watu wote. Alishukuru kanisa na majirani. Halafu akasema kuna maneno yanazunguka kwamba gari lilirogwa, na anaomba yakome, kwa sababu ni yeye aliyefunga waya vibaya kwa mikono yake mwenyewe akijaribu kubana matumizi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na masufuria na wamama wa kupika. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akaninong'oneza, "Si ulimfundisha wewe? Pole, lakini wazee hawashiki mambo." Nikaitikia kwa kichwa.

Wiki hiyo nilirudisha ovaroli. Madam aliuliza sababu, nikasema mgongo. Akasema mgongo wa miaka ishirini na tisa hauumi ghafla hivyo, lakini hakuendelea. Sasa nauza miche ya miti kando ya barabara pale Kanduyi. Ni kazi nzuri, mche ukifa unauona.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila keki wala hotuba. Kama mnataka neno la mstaafu, ni hili: huruma ilinifanya fundi, na huruma hiyo hiyo ilinifanya niseme kwa simu jambo ambalo mikono yangu haikuwa imeligusa. Sijui kama kuna namna ya kuwa na ile ya kwanza bila hii ya pili. Nimelifikiria sana kati ya miche, na bado sijui.

Darasa la Jumapili lilikufa lenyewe. Walio na feni mbovu wamerudi kwa mafundi wao.

Lakini Mwalimu alikuwa bado anaamini ni mikono yake. Nilikaa na hilo mwezi mmoja na siku kadhaa. Kisha nikamwendea Bumula, nikamkuta kwenye baraza anamenya maharagwe kwenye ungo, kazi ambayo zamani haikuwa yake. Sikungoja salamu ziishe. Nilimwambia habari ya mota iliyoguna na mimi nikanyamaza. Nilimwambia waya alifunga vizuri, hakuna aliyefunga vizuri kuliko yeye, ila fyuzi ya thelathini ni neno langu, na Jumapili ile nilikwenda Suam kutafuta cheo.

Aliacha kumenya. Kuku walikuja wakala yaliyoanguka, hakuwafukuza.

"Mimi nilimwambia Selina ni mimi," akasema mwishowe. "Kila siku ya pikipiki, tukishuka, namwomba msamaha. Alikuwa hajibu. Alikuwa na uchungu na mimi, unajua alivyokuwa na mdomo, lakini kwa hilo alikuwa hajibu. Wiki ya mwisho ndipo akaniambia, Mwalimu, nimekusamehe, sasa niache nilale."

Nikasema, "Najua haukuwa mzigo wako, Mwalimu."

"Ulikuwa wangu. Nimeubeba mpaka ukatuliwa." Alinitazama bila hasira, kama alivyokuwa akitutazama darasani tukiwa tumeshindwa hesabu aliyodhani ni rahisi. "Sasa wewe, Nafula. Wewe nani atakusamehe? Mimi siwezi. Msamaha ulikuwa wake, na ameutumia kwangu."

Akausukuma ungo ukawa katikati yetu, nikaanza kumenya.