Nilivyomfunika Mcheza Baleti Shuka

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Huku mjini Bowie, Marekani, ninamtunza bibi mmoja wa Kimarekani, aliyekuwa mcheza baleti mashuhuri ujanani, ile dansi ya jukwaani inayosimulia hadithi bila maneno. Juzi mchana nilimkuta amelala sakafuni, mikono kifuani, macho wazi, hapepesi. Muziki ulikuwa ukiendelea chumbani peke yake. Nikamwita, kimya. Nikamgusa mkono, wa baridi kama samaki. Nikamfunika shuka hadi kichwani, nikapiga yowe kumwita binti yake ghorofani, kisha nikapiga magoti kumwombea marehemu.

Binti alishuka mbio, akatutazama, akashusha pumzi. “Mama, unafanya tena mazoezi ya kile kifo chako cha jukwaani?”

Shuka ikatikisika. Sauti nyembamba ikatoka chini yake:

“Mwambie huyo anayeniombea anyamaze. Muziki haujaisha.”